Runinga Ilivyotufunza Vibaya Kumweleza Mtoto Alivyopatikana

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha kwa wanandoa wanaotafuta mtoto kwa kupandikizwa mimba hapa Nairobi, kuna sentensi moja niliyoisikia mara nyingi hivi kwamba siku hizi naitambua kabla haijatamkwa, kwa jinsi mume anavyomtazama mkewe kisha akajisogeza kitini. "Daktari, huyu mtoto tutamkalisha chini siku moja akishakomaa, tumweleze kila kitu." Mimi si daktari, na nimechoka kuwasahihisha kuhusu hilo, kinachonikera ni hiyo "siku moja". Nikiwauliza wazo hilo wamelitoa wapi, hakuna anayetaja kitabu wala shangazi. Wanataja tamthilia.

Katika tamthilia, mzazi huketi ukingoni mwa kitanda, taa ikiwa hafifu, akameza mate, akasimulia kwamba kulikuwa na mama mwema aliyejitolea yai lake. Mtoto huuliza swali moja la kuchekesha, wanakumbatiana, na tangazo la sabuni linaingia. Ama siri hufichwa kabisa hadi bahasha ya maabara ianguke sakafuni siku ya harusi. Siwalaumu waandishi, kwani siri ndiyo chakula chao. Mwaka 2002 Venezuela ilitoa Juana la virgen, kisa cha msichana bikira aliyepata mimba kwa kosa la kitabibu, na Wamarekani wakakigeuza kuwa Jane the Virgin, iliyoonyeshwa kuanzia 2014 hadi 2019 na kufikisha sehemu 100. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Brazili ilikuwa na Barriga de Aluguel, ambamo mwanamke aliyebeba mimba na wenye kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, waligombania mtoto. Visa vya namna hii huishi kwa mambo ambayo watu hawajaambiana, na ndiyo sababu havifai kuwa mwongozo wa malezi.

Dhana kwamba mtoto mdogo hawezi kuelewa, kwa hiyo asubiri, imekaa kichwa chini miguu juu. Ili mtu ashtuke ni lazima kwanza awe ameamini jambo jingine. Mtoto wa miaka 3 hajui watoto wengine hupatikanaje. Ukimwambia kwamba yai la mama lilikuwa halina nguvu na mama mwingine akawapa la kwake, analipokea jambo hilo kama anavyopokea habari kwamba nyanya yake anaishi Machakos, kisha anaomba uji. Kijana wa miaka 16 ameshajijengea hadithi yake yote, na unapomwambia leo humwongezei habari, unamwondolea msingi aliousimamia. Wengi waliochelewa kuambiwa hawalalamikii mbegu wala yai. Wanalalamikia miaka yote ambayo watu wa nyumbani walikuwa wakijua nao hawajui.

Hayo si maoni yangu peke yangu. Susan Golombok na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walizifuatilia familia 65 zilizopata watoto kwa msaada wa mchangiaji wa yai au mbegu, au wa mama mbebaji, yaani mwanamke anayewabebea wengine mimba, tangu watoto wakiwa wachanga hadi walipofikia miaka 20. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2023 yalionyesha kwamba hali ya kiakili ya vijana hao haikutofautiana na ya waliotungwa kwa njia ya kawaida, na kwamba uhusiano wa mtoto na mama yake ulikuwa mwema zaidi pale ambapo wazazi walianza kusema kabla mtoto hajatimiza miaka 7. Hata Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa mimba ya kupandikizwa, Julai 1978 huko Oldham, Uingereza, alielezwa na wazazi wake akiwa na takriban miaka 4, wakamwonyesha filamu ya kuzaliwa kwake kabla hajaanza shule.

Ushauri wangu, ambao wenzangu wa kliniki hunitania kwao, ni kwamba mzazi aanze wakati wa kubadilisha nepi. Mtoto haelewi neno hata moja, na hiyo ndiyo faida yenyewe, maana anayefanya mazoezi ni mzazi. Utakwama, utatokwa na machozi, utatumia neno baya, na hakuna atakayekukumbusha. Baadaye tengeneza daftari la picha. Mama mmoja aliniletea la mwanawe: ukurasa wa kwanza una picha ya kiinitete cha siku tano, kiduara cha kijivu kama tone la mafuta juu ya supu, na pembeni pana alama ya kidole chenye siagi, kwa kuwa mtoto hukigusa kila wanapolifungua na kusema, "Hapa nilikuwa nimelala."

Wapo wanaonijibu kwamba hata Uingereza umri uliowekwa ni miaka 18. Wamesoma nusu ya jambo. Sheria hiyo inawahusu wachangiaji waliojiandikisha kuanzia tarehe 1 Aprili 2005, na inampa mtoto haki ya kujua mchangiaji ni nani atakapofikia miaka 18. Haisemi kwamba mtoto akae gizani hadi siku hiyo.

Kuhusu "mtoto wa chupa", naomba tuliache neno hilo. Yai na mbegu hukutanishwa ndani ya kisahani, kiinitete hurudishwa tumboni baada ya siku chache, na miezi yote iliyobaki ni mimba kama nyingine. Mtoto anayeambiwa alitoka kwenye chupa huenda kuitafuta jikoni.

Mama mbebaji naye si lazima awe na uhusiano wa damu na mtoto. Katika Friends, tamthilia ya vichekesho ya Wamarekani, mhusika Phoebe alibeba viinitete vya kaka yake na mkewe Alice, na hapo runinga ilisema kweli.

Kundi la damu, silaha kuu ya tamthilia, halifichui mengi. Baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kabisa kumpata mtoto wa kundi O. Siri za siku hizi hutobolewa na binamu aliye Marekani aliyejipima vinasaba kwa kit cha kuagiza kwa posta, na kabla yake hutobolewa na shangazi kwenye matanga.

Lipo kosa letu wenyewe ambalo hatuwezi kulisingizia runinga: lile jibu la mzaha, "Tulikununua hospitalini." Kwa mtoto wa jirani ni mzaha. Kwa mtoto ambaye wazazi wake waliuza shamba ili kulipia matibabu, na ambaye siku moja ataiona risiti, neno hilo halifai kutamkwa hata kwa kucheka.

Ndiyo maana hakuna anayetoka ofisini kwangu kabla hajaisema sentensi yake kwa sauti. Juzi baba mmoja alianza, "Mwanangu, kisayansi..." nikamsimamisha. Mara ya pili alisema "mbegu" kwa kunong'ona, akautazama mlango. Mara ya tatu alikohoa. Mara ya nne alisema, "Baba hakuwa na mbegu, mtu mwema akatupatia, tukakupata wewe," na mkewe, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akacheka. Nikawaandikia tarehe ya kurudi.