Chungu kisicho na tundu: nani aishi humo?

Mtu akinionyesha chungu kizuri kisicho na tundu chini, mara nyingi nakuta ameshapanda mshubiri au dungusi. Anaona kwamba mmea usiotaka maji mengi hauna haja ya tundu. Kumbe hiyo ndiyo mimea ya kwanza kuoza humo, kwa kuwa mizizi yake imezoea udongo unaokauka upesi.

Mizizi hupumua. Huchukua oksijeni iliyo katika nafasi ndogondogo kati ya chembe za udongo, na majini oksijeni husambaa polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Maji yakituama, mizizi hukosa pumzi, hufa, kisha uozo huingia. Majani hunyauka ilhali udongo umelowa. Mwenye mmea akiyaona, huongeza maji! Jambo hili huniuma, maana anauua huku akidhani anauokoa.

Kokoto zinazotandazwa chini ya udongo ili maji yashukie humo hazisaidii. Maji hayaachi udongo laini na kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wenyewe ushibe, hivyo sehemu iliyolowa husogea juu tu, karibu zaidi na mizizi.

Kwa hiyo mimi huuliza mmea umetoka wapi. Mimea ya kinamasi, kama mpunga, ina mifereji ya ndani inayoshusha hewa hadi mizizini. Magimbi ya mapambo na mafunjo madogo, yale yenye majani yaliyotandaa kama mwavuli, hustahimili matope miezi na miezi, mradi yapate mwanga wa kutosha. Ndani ya nyumba nasifu pothosi, ule mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo. Kata kipande chenye kifundo, yaani pale jani linapochipukia kwenye shina, kitie kwenye maji matupu, nawe ubadilishe maji kila wiki. Mizizi inayoota majini huyazoea; ile iliyohamishwa kutoka udongoni mara nyingi hufa kwanza, ndiyo maana napenda kuanza na kipande.

Mmea mwingine wowote uupendao, uache katika chungu cha plastiki chenye matundu, ukitumbukize ndani ya kile kizuri. Ukimwagilia, kitoe, kichuruzike, ukirudishe. Mbolea ipunguze hadi nusu kwa ule uliopandwa moja kwa moja katika chungu kisicho na tundu, kwa sababu chumvi zake hazina pa kutokea na huunguza ncha za majani. Na chungu kinachokaa nje mvuani, humo panda wa kinamasi tu.