Ukubwa wa sauti hewani: dhana potofu kuhusu mita na prosesa

Dhana: Mita isipogusa nyekundu, tangazo haliwezi kumkera msikilizaji.

Mita ya vilele huonyesha wimbi limepanda hadi wapi kwa kitambo kifupi mno. Sikio halipimi hivyo: hukusanya nguvu ya sauti kwa muda, na besi nzito hulishtua kidogo kuliko masafa ya kati na ya juu. Kwa hiyo tangazo lililobanwa kwa kompresa (inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) linaweza kuwa na kilele kilekile cha mazungumzo yaliyolitangulia, na bado likamfanya mtu akimbilie rimoti.

Kipimo cha ITU-R BS.1770 cha shirika la kimataifa la mawasiliano (ITU), kilichotoka mwaka 2006, kiliziba pengo hilo. Kinachuja sauti kwa kufuata tabia ya sikio, kisha kinatoa wastani wa nguvu kwa LUFS, kizio cha ukubwa wa sauti unaosikika. Ulaya, mwongozo wa R128 wa EBU (umoja wa watangazaji wa Ulaya) wa mwaka 2010 unalenga −23 LUFS, na kilele halisi kisipite −1 dBTP (desibeli za kilele halisi). Televisheni za Marekani hulenga −24, na huko sheria ya CALM inayohusu matangazo ya biashara ilianza kutekelezwa Desemba 2012.

Neno "halisi" lina uzito wake. Mita ya kawaida ya dijitali husoma sampuli tu, yaani vipimo vya wimbi vinavyochukuliwa kwa vipindi, ilhali wimbi linaweza kupanda juu zaidi katikati ya sampuli mbili. Huwezi kuliona mpaka mita iongeze sampuli, kwa kawaida mara 4 kwa sauti ya 48 kHz.

Dhana: −23 LUFS maana yake kila sekunde ya kipindi ibaki −23.

Hapana. Huo ni wastani wa kipindi kizima. Mita hutupa vipande vilivyo chini ya −70 LUFS, kisha hutupa tena vilivyo chini ya wastani kwa zaidi ya 10 LU (1 LU ni sawa na desibeli 1), ili ukimya usishushe jibu. Mchezo wa kuigiza unaruhusiwa kunong'ona na kupiga kelele. Kipindi kilichorekodiwa kikipimwa −19.4, kishushe desibeli 3.6 basi. Kukipitisha kwenye kompresa kwa sababu hiyo tu ni kukiharibu bure.

Dhana: Prosesa nzuri itasafisha sauti mbovu.

Itaianika. Prosesa ni kifaa kinachosawazisha na kubana sauti kabla ya kurushwa. AGC yake, yaani kidhibiti cha kiwango cha sauti, hupandisha sauti ndogo, na pamoja nayo hupanda mvumo wa feni na mwangwi wa chumba. Zuia hilo kwa geti inayogandisha AGC mtangazaji anaponyamaza. Kizingiti cha geti kikiwekwa chini mno, utasikia kelele ikivimba kila anapovuta pumzi. Wimbo wa MP3 yenye biti chache ni tatizo gumu zaidi. Kodeki (programu inayobana data ya sauti) ilitupa sehemu za sauti ikitegemea zifunikwe na nyingine, na kompresa ya bendi nyingi, inayobana kila kundi la masafa peke yake, hubadilisha uwiano huo, hivyo mikwaruzo iliyojificha hutoka nje. Anza na maktaba ya nyimbo na maikrofoni, prosesa baadaye.

Dhana: Redio ya FM ikisikika kubwa, inafika mbali zaidi.

Umbali huamuliwa na nguvu ya transmita, antena na urefu wa mnara. Prosesa husaidia tu kufunika kelele za chinichini pale mawimbi yanapodhoofika. Kupitisha mkengeuko (kiasi masafa ya kituo yanavyoyumba) wa ±75 kHz huleta mikwaruzo redioni na kuingilia masafa ya jirani.

Hapa kuna kosa ambalo mafundi mitambo hulikuta mara nyingi: kuinua masafa ya juu mara mbili. FM huyainua kabla ya kurusha, kwa kipimo cha mikrosekunde 50 katika nchi nyingi, na 75 Marekani. Kwa 50, sauti ya 15 kHz hupanda karibu desibeli 14. Kazi hiyo ifanyike ndani ya prosesa, kwa sababu limita yake (inayozuia vilele visipite kikomo) lazima ijue nyongeza hiyo. Kwenye transmita izimwe. Zote mbili zikiwashwa, herufi "s" zinakata masikio na mkengeuko unapaa. Vilevile, usiweke kodeki inayopunguza data kati ya prosesa na transmita: inabadilisha umbo la wimbi, na vilele vilivyokwisha kukatwa huota upya. Ama prosesa ikae kwenye mnara, ama kiungo kisafirishe sauti bila kuipunguza.

Dhana: Sauti iliyotengenezwa kwa ajili ya FM inafaa pia kurushwa kwenye intaneti.

Klipa ya FM, inayokata vilele vya wimbi, hutengeneza mikwaruzo midogo ambayo kodeki hulazimika kuipotezea biti. Toa njia ya pili isiyo na klipa wala nyongeza ya masafa ya juu, yenye limita inayotazama mbele, na uache nafasi ya angalau desibeli 1 juu ya kilele halisi.

Hedifoni za mtangazaji nazo zisichukue sauti ya mwisho ya prosesa yenye bendi nyingi. Ikichelewa hata milisekunde 20, huchanganyika na sauti anayoisikia kupitia mifupa ya kichwa chake na kumvuruga. Tumia toleo la ucheleweshaji mdogo, kama prosesa inalo, au sauti ya moja kwa moja kutoka kwenye mikisa.