Monita ya mtoto: ni nini, na ipi inafaa nyumba za kwetu Zanzibar

Monita ya mtoto ni jozi ya vifaa viwili. Kimoja kinawekwa chumba alicholazwa mtoto. Kina maikrofoni, na kinarusha sauti kwa mawimbi ya redio. Cha pili anakuwa nacho mama, bibi au yaya, nacho ndicho kinachoitoa sauti hiyo. Zipo zenye kamera, ambazo huongeza picha. Kazi yake ni kumfikishia mtu mzima kilio ambacho ukuta au umbali ungemzuia asikisikie. Hailei wala hailindi. Isinunuliwe kwa kuogopa kifo cha ghafla cha usingizini: kinachopunguza hatari hiyo ni mtoto kulazwa chali, kwenye godoro gumu, bila mito wala mashuka ya kumfunika uso.

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1937 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa monita iliyoitwa Radio Nurse, wakati wazazi wa huko bado wana hofu ya kuibwa mtoto wa rubani Charles Lindbergh mwaka 1932.

Usiku, mtoto akilala chumba kimoja na mama yake, monita haina la kufanya. Inahitajika mchana na jioni: mtoto kalala chumbani, mama yuko jikoni uani, au juu ghorofani anaanika nguo. Nyumba ndogo ya Micheweni au Makunduchi, jiko likiwa hatua chache kutoka mlango wa chumba, acha mlango wazi, na pesa zibaki mfukoni.

Kwa anayeihitaji, swali la kwanza ni ukuta. Boksi huandikwa mita 300, lakini hizo ni za uwanja mtupu. Ndani ya nyumba hesabu ni kama mita 50, na hizo ni kwa kuta nyepesi za Ulaya. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake aghalabu zina unene wa nusu mita au zaidi. Masika zikishiba maji ndiyo mawimbi yanazidi kumezwa. Maghorofa ya Michenzani nayo ni zege lenye nondo, na chuma hurudisha mawimbi. Kwa hiyo usihesabu mita, hesabu kuta. Washa redio kwa sauti ndogo chumbani karibu na kifaa cha mtoto, kisha tembea na kifaa cha mzazi kila unapokaa mchana: jikoni, chooni, barazani, juu ya paa. Kaa dakika mbili kila mahali. Mahali sauti inapokatika ujue hapo monita haipo, hata taa ikiwa ya kijani. Mara nyingi kuhamisha kifaa cha mtoto kutoka nyuma ya kabati la chuma na kukielekeza mlangoni kunatosha.

Za sauti tupu zilizoandikwa DECT, yaani teknolojia ya simu za nyumbani zisizo na waya, ndizo tunazozipendekeza kwa nyumba nyingi. Hazitaki intaneti, na nyingi husimba sauti ili jirani asiinase. Zile kongwe za analogi mwenye redio ya masafa hayo huweza kukusikiliza. Chukua ya Ulaya, inayotumia megahezi 1880 hadi 1900. Ya Marekani, DECT 6.0, iko 1920 hadi 1930, masafa ambayo huku ni ya simu za 3G, na zitaingiliana.

Halafu umeme. Umeme wetu unatoka bara kwa nyaya za chini ya bahari, na Unguja haijasahau ilivyokaa gizani karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Kukatika kwa saa moja mbili ndilo jambo la kawaida, na hapo ndipo monita nyingi zinapoanguka: betri imo kwenye kifaa cha mzazi tu. Umeme ukienda, kifaa cha mtoto kinazimika, na cha mkononi kinalia tu kwamba kimepoteza mwenzake. Tafuta ambayo vyote viwili vina betri, au cha mtoto kinachotumia chaji ya USB ya volti 5, ukichomeke kwenye pawabenki. Pawabenki ya mAh 10,000 inatoa kama watt-saa 30 baada ya upotevu. Kamera inayokula wati 2.5 itakaa kama saa 12. Kifaa cha sauti tupu kinakula kidogo mno, na baadhi ya pawabenki hujizima zikidhani hakuna kilichochomekwa. Ijaribu kwanza.

Monita kutoka Uingereza au Dubai ina plagi ya miguu mitatu bapa kama soketi zetu, na volti zinalingana. Ya Marekani soma maandishi madogo ya adapta: ikiwa 100–240V, inafaa ukiipatia plagi, ikiwa 120V peke yake, itaungua.

Kamera ina mtihani wake, nao ni chandarua. Gizani inaona kwa taa za infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, na mwanga huo ukigonga nyuzi za neti unarudi kwenye lenzi: unaona ukungu mweupe, mtoto humuoni. Usiiingize kamera ndani ya chandarua, kwa sababu waya unaweza kumkaba mtoto. Waya uwe mbali naye angalau mita moja. Iweke juu, pembeni, ikitazama neti kwa mshazari, na neti ivutwe isilegee. Mwanga utarudi kidogo.

Kamera ya waifai inaleta jambo jingine, la sitara. Chumba anacholala mtoto ndicho mama anachobadilishia nguo na kunyonyeshea, na picha zake hupita kwenye seva za watu usiowajua. Ukiitaka hata hivyo, badilisha nywila iliyotoka nayo kiwandani, sasisha programu, na chomoa kamera mtoto anapoamka. Bando nalo: picha ya megabiti 1 kwa sekunde ukiitazama ukiwa nje ya nyumba inakula kama megabaiti 450 kwa saa.

Vikorombwezo vingi si vya hapa. Kengele ya joto huja imepangwa kwa vyumba vya Uingereza, vya nyuzi 16 hadi 20. Wakati wa kaskazi italia usiku kucha, izime. Mkeka wa kuhisi pumzi chini ya godoro hauna maana mama akilala kitanda hicho hicho, kwani mashine inahisi mwendo wake yeye. Kipengele cha kufungua sauti mtoto anapolia tu kinataka usikivu upunguzwe feni ikizunguka karibu, la sivyo kitabaki wazi muda wote. Ukipunguza sana, kilio cha kwanza kinapita kimya.

Ya mtumba, fungua kifuniko cha betri kabla ya kulipa. Unga mweupe au wa kijani kwenye springi zake ni kutu, na hewa ya chumvi itaimaliza. Na inayojichaji usiitie betri za kawaida za dukani, huvuja.