Kuhusu "kipimo cha mwanga" cha saratani ya ovari

Tangu Mei 8, Siku ya Saratani ya Ovari Duniani, dawati letu la patholojia, yaani maabara inayochunguza vinyama (vipande vya tishu) vya wagonjwa, limekuwa likipokea ombi lilelile: "Daktari, nimekuja kupimwa ovari kwa mwanga." Wengi wana picha kwenye simu, kipande cha tishu kinang'aa kijani gizani, na chini yake maandishi kwamba siku hizi saratani inaonekana bila kukatwa. Wapo wanaoondoka na hasira wakiamini tunawaficha huduma. Hatufichi kitu. Utafiti wenyewe ni wa kweli, nami naufuatilia kwa matumaini makubwa. Unavyosimuliwa mitaani ndiyo shida.

Nianze na kosa linaloniumiza zaidi. Mama aliyepimwa mlango wa kizazi kwa siki hajapimwa ovari. Narudia: hajapimwa ovari. Mlango wa kizazi unafikiwa kwa macho, unapakwa siki na muuguzi anaona. Ovari zimejificha ndani ya nyonga, na kuzichoma sindano ili kupata kinyama mara nyingi huepukwa, kwa sababu uvimbe wa saratani uliojifunga ukitobolewa unaweza kumwaga seli tumboni. Ndiyo maana watafiti wanahangaika na mwanga. Wanatafuta namna ya kuitambua tishu mbovu kabla ya kuigusa kwa kisu.

Mwanga una mambo ya kusoma humo. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kundi la Paul Campagnola limechunguza kwa leza kolajeni ya ovari, yaani protini ya nyuzi inayoshikilia tishu. Kwenye ovari yenye afya nyuzi zake zinaonekana kama wavu uliolegea. Penye saratani zimesongamana na kulala upande mmoja, kama chane za ukindu kwenye mkeka uliokazwa. Quing Zhu na wenzake, St. Louis, wanaunganisha mwanga na ultrasaundi: tishu ikipigwa na leza inatanuka kidogo sana na kutoa sauti, na sauti hiyo inaonyesha damu iko wapi na ina oksijeni kiasi gani. Saratani hujitengenezea mishipa yake, nayo damu yake huwa na upungufu wa oksijeni. Arizona, Jennifer Barton ametengeneza kamera nyembamba isiyofika milimita 1, ya kupita ndani ya mirija ya uzazi. Hilo lina mantiki, kwani nyingi ya saratani kali tunazoziita za ovari huanzia kwenye ncha za mirija hiyo.

Zote hizo bado ni za utafiti. Iliyovuka kutoka utafiti hadi matibabu ni moja, na ndiyo yenye zile picha za kijani. Novemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha pafolasianini. Ni rangi inayofanana na foleti, moja ya vitamini B, na seli nyingi za saratani ya ovari zina vipokezi vingi vya foleti, hivyo zinaidaka. Mgonjwa anachomwa kwenye mshipa saa 1 hadi 9 kabla ya upasuaji. Tumbo likishafunguliwa, kamera maalumu inapokea mng'ao ambao jicho halioni, na kompyuta ndiyo inayoupaka kijani. Katika majaribio, kwa wanawake 134 waliotathminiwa, asilimia 26.9 walikutwa na angalau doa moja la saratani ambalo macho na vidole vya daktari vilikuwa vimelipita. Kwa mgonjwa ambaye mabaki madogo ndiyo yanayomrudishia ugonjwa, hilo ni jambo kubwa.

Lakini someni tena: tumbo likishafunguliwa. Hicho si kipimo cha mtu mzima wa afya anayetoka nyumbani kuja kuangaliwa. Tena takriban mgonjwa 1 kati ya 5 alikuwa na mahali palipong'aa ambapo maabara haikukuta saratani. Kwa hiyo kinachong'aa kinakatwa, kinaletwa kwetu, na jibu linatoka kwenye hadubini.

Mtu ataniuliza, basi tupimwe sote CA-125, protini ya kwenye damu ambayo huweza kupanda penye saratani ya ovari, na ultrasaundi kila mwaka? Uingereza walijaribu, kwa wanawake 202,638 wa miaka 50 hadi 74, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba uchunguzi huo haukupunguza vifo. Mwenye dalili ni habari nyingine. Tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga, kukojoa mara kwa mara, yakiendelea wiki kadhaa, usikubali kutibiwa vidonda vya tumbo mara ya tatu bila mtu kuangalia nyonga.

Kwa wanaotangaza mashine za "kuskani ovari kwa mwanga" kwenye maduka na hoteli: kifaa tiba kinatakiwa kisajiliwe na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, kabla ya kuingizwa, kuuzwa au kutumika, na kukiuka hilo ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Anayesema ni utafiti aonyeshe kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na fomu ya ridhaa ya mshiriki. Mshiriki ana haki ya kupewa nakala.

Sasa kinyama chenyewe, kwa mnaotuletea. Hivi karibuni tulipokea ovari kwenye chupa ya maji ya kunywa, imesafiri siku 3 ikiwa ndani ya maji ya chumvi, mdomo wa chupa mwembamba kiasi kwamba ilibidi tuikate chupa. Tishu ilikuwa imelainika kama uji. Yule mama alikuwa ameshafanyiwa upasuaji, ovari imeshatoka, na hatukuweza kumwambia ilikuwa na nini. Sitamani kumwandikia mtu mwingine jibu la namna hiyo.

Kinyama kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya kuzuia tishu isioze, ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya kinyama. Chombo cha mdomo mpana. Lebo ibandikwe kwenye chombo, isiwe kwenye kifuniko: jina, namba ya usajili, ovari ya kulia au ya kushoto, tarehe na saa. Fomu iwe na umri, historia, na jibu la CA-125 kama lipo. Kisicho na jina hakipokelewi, hata ndugu alie, kwa sababu kumpa mtu saratani ya mwenzake ni kosa lisilofutika.

Jibu likishatoka, kinyama hakitupwi chote. Sehemu yake inabaki kwenye vipande vya nta. Anayetaka maoni ya pili hahitaji kukatwa tena: aje na barua ya daktari wake, kitambulisho na namba ya usajili, asaini daftari, apewe vipande avipeleke, kisha avirudishe.