Kiwango cha udahili: ile asilimia 4 ina maana gani kwa mwanafunzi hodari?

Kiwango cha udahili ni idadi ya waliokubaliwa na chuo, ikigawanywa kwa idadi ya walioomba, kisha kuzidishwa kwa 100. Mwaka 2024 Harvard, chuo kikuu maarufu cha Marekani, ilipokea maombi 54,008 na kuwakubali 1,937, kwa hiyo kiwango chake kilikuwa kama asilimia 3.6, yaani karibu 4. Hesabu ni hiyo tu. Matatizo huanza pale kijana mwenye Division One ya pointi 3 Tanzania, au A ya KCSE Kenya, anapoisoma namba hiyo kana kwamba ni yake binafsi. Mmoja anasema, "Kati ya watu 100 wanachukua 4, mimi ni nani?" Mwingine anajipa moyo kwamba wale 96 walikuwa wamefeli. Wote wawili hawajaielewa, ila huyo wa kwanza ndiye anayeniuma zaidi, maana haombi kabisa.

Asilimia hiyo inahusu umati mzima wa waombaji, na umati huo si wa watu wa aina moja. Kesi ya udahili iliyosikilizwa Boston mwaka 2018 dhidi ya Harvard ilianika takwimu ambazo kwa kawaida hukaa kabatini. Wanamichezo waliotafutwa na makocha wa chuo walikuwa wakikubaliwa kwa zaidi ya asilimia 80. Watoto wa waliosoma hapo, zaidi ya asilimia 30. Nafasi zao zinatoka kwenye zilezile 1,900 na ushee, kwa hiyo mtu asiye na mlango kama huo anagombea zilizobaki, na asilimia ya kundi lake ni ndogo kuliko ile inayotangazwa.

Kesi hiyohiyo ilitoa jambo jingine ambalo natamani kila shule ya vipaji maalumu ilibandike ukutani. Kwa wanafunzi walioingia mwaka 2015, waombaji wa Marekani peke yao walikuwa takriban 26,000. Zaidi ya 8,000 kati yao walikuwa na wastani wa juu kabisa shuleni, na kama 3,500 walipata alama zote za hisabati katika SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Nafasi zilikuwa kama 1,600. Hata wangechaguliwa wenye wastani kamili tu, wengi wao wangerudishwa nyumbani.

Hapo ndipo mazoea yetu yanapotupotosha. Kenya, KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, hupanga watu kwa pointi. Tanzania nako pointi za tahasusi ndizo zinazobeba uzito. Mwenye nyingi anatangulia. Kwenye vyuo hivi vya Marekani alama hukufikisha mezani, kisha watu wanaketi kusoma faili lako: insha, shughuli zako, barua za walimu. Tazama barua hizo. "Ni mwanafunzi mwenye nidhamu, mchapakazi na anayeheshimu wakubwa." Mkuu wa shule ameiandika kwa nia njema, lakini inaweza kuwa ya yeyote. Ikisema kwamba binti huyu aliwakusanya wenzake wa Kidato cha Tatu kila Jumamosi na kuwafundisha fizikia kwa sababu shule haikuwa na mwalimu wa somo hilo, msomaji amemwona mtu. Tangu 2004 mpango wa KenSAP nchini Kenya umekuwa ukiwaandaa kwa maombi ya aina hiyo vijana waliofaulu KCSE kutoka familia zisizojiweza, nao wamekuwa wakiingia vyuo kama Harvard, Yale na Princeton.

Kwa mwombaji wa kigeni kuna tabaka jingine. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, hutoa takwimu za wageni kando: miaka ya karibuni waliokubaliwa wamekuwa chini ya asilimia 3, huku kiwango cha jumla kikiwa kati ya 4 na 5. Halafu kuna fedha. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth huamua bila kuangalia kama mgeni ana uwezo wa kulipa. Stanford huangalia, na kuomba msaada wa fedha kunaingia kwenye uamuzi. Jambo hili lichunguzwe kabla ya kuchagua chuo.

La mwisho ni hesabu inayowadanganya hata waliosoma PCM (fizikia, kemia na hisabati). Ukiomba vyuo 10 vyenye asilimia 4 kila kimoja, kanuni ya uwezekano itakupa kama nafasi 1 kati ya 3 ya kupata angalau kimoja. Kanuni hiyo inafaa pale matukio yasipotegemeana. Lakini faili linalokwenda kote ni lilelile: insha ikiwa dhaifu huku, ni dhaifu na kule. Kwa hiyo weka pia vyuo vyenye viwango vya juu zaidi vya udahili na msaada mzuri kwa wageni. Majibu mengi ya Marekani hutoka mwishoni mwa Machi. Omba na vyuo vya nyumbani dirisha linapofunguliwa, ukiwa na barua ya kukubaliwa Marekani au bila.