Kutotoka damu si dalili kwamba kichwa ni kizima

Mtu akianguka na bodaboda, akainuka, akajipangusa vumbi na kujibu salamu, waliokusanyika huamua papo hapo: hakuna damu, kichwa kizima, aende akapumzike. Imani hii ni ya siku nyingi, na inaua.

Ubongo huumia bila ngozi kuchanika. Chini ya mfupa wa panja, ambao ni mwembamba, hupita ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni. Mfupa ukipata ufa, ateri hiyo huweza kukatika, damu ikajikusanya kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo. Majeruhi anaweza kuzimia kidogo, kisha akazinduka na kuzungumza vizuri kwa saa kadhaa huku damu ikiongezeka. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ubongo ndio unaobanwa, hadi sehemu inayoendesha pumzi ishindwe kazi. Kinachouma zaidi ni kwamba jeraha hili likigunduliwa mapema kwa CT skani, yaani picha za eksirei zinazoonyesha ndani ya kichwa, na damu ikatolewa kwa upasuaji, wengi hupona.

Kwa wazee, damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, huweza kuvuja polepole, dalili zikaja baada ya wiki kadhaa.

Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, kuchanganyikiwa, usingizi mzito usio wa kawaida, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, au degedege: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama mwenyewe anasisitiza kwamba yuko sawa.