“Bila kadi ya zaka huzikwi”: dhana potofu zinazotembea parokiani na ukweli wake

Mimi ni katibu wa jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki hapa Iringa mjini, mwaka wa sita sasa. Kazi yenyewe ni kaunta buku moja, kalamu mbili (moja huwa haiandiki) na masikio. Tunasali kila Jumamosi saa 12 asubuhi, nyumba kwa nyumba, na mwezi wa saba baridi ya huku watu wanahesabu rozari mikono ikiwa ndani ya mfuko wa koti. Maswali hayaulizwi wakati wa sala. Yanakuja baadaye, viti vya plastiki vikipangwa, mtu anakusogelea taratibu na kuanza: “Katibu, hivi ni kweli kwamba…” Haya ni machache kati ya ninayoulizwa.

“Usipolipa zaka, padre hakuziki”

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalotia watu hofu kuliko yote. Usiku mmoja kijana wa jirani aligonga mlango wangu. Nilipofungua alinipa shikamoo, halafu kabla ya kusema lolote akatoa kwenye mfuko wa nailoni kadi ya zaka ya baba yake. “Imepungua miezi minne, katibu, hela hii hapa.” Ilibidi nimuulize kuna nini ndipo aniambie mzee amefariki jioni ile. Nilimwambia marahaba, pole sana mwanangu, hela rudisha mfukoni, ingia ndani ukae.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1184, inataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na wafarakanishi, waliochagua mwili uchomwe moto kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika Kikanisa kungewakwaza waamini hadharani. Hao nao wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Kukiwa na shaka, anaulizwa askofu. Zaka haimo. Hata aliyejiua, ambaye sheria ya zamani ya 1917 ilimtaja, katika hii ya sasa hatajwi.

Sasa, dhana hii haikuota yenyewe, na hapa sisi viongozi wa jumuiya tuna la kujibu. Paroko mwenye vigango kadhaa (makanisa madogo ya pembezoni mwa parokia) na maelfu ya waamini hawezi kumjua kila mtu kwa sura, kwa hiyo anaomba barua ya jumuiya, na barua hiyo kazi yake ni kusema “huyu tunamfahamu, ni mwenzetu.” Basi. Lakini barua ikishikwa na mtu mwenye orodha ya madeni, inageuka fimbo. Niliwahi kuishi kwenye jumuiya moja, siitaji, ambako mama mmoja alizungushwa wiki mbili kupata barua ya mwanaye kwa sababu ya mchango wa ujenzi. Kanuni ya 848 inasema mhudumu asidai zaidi ya kile kilichopangwa na mamlaka husika, na aangalie maskini wasikose sakramenti kwa ajili ya umaskini wao.

Upande wa pili nao una haki yake. Kulitegemeza Kanisa ni wajibu, kanuni ya 222 iko wazi, na umeme wa kanisani haulipwi kwa nyimbo. Ila msomaji wa Malaki 3:10 asije akadhani Sheria ya Kanisa imeandika asilimia 10. Haikutaja kiwango chochote.

Nia za Misa, kwa haraka, maana zinaenda pamoja na hili: Misa hainunuliwi. Unachotoa ni sadaka, padre haruhusiwi kubaki na sadaka ya zaidi ya nia moja kwa siku (Krismasi ndiyo pekee iliyoondolewa kwenye sharti hilo), na kanuni ya 945 inamhimiza aombee nia za waamini, hasa maskini, hata wasipotoa kitu. Mwambie tu. Anayeona aibu kumwambia padre aje kwa katibu, nitaandika mimi.

“Jumuiya ni za akina mama, na ni za michango”

Jumamosi iliyopita tulikuwa 17. Wanaume tulikuwa watatu, na mmoja wetu ndiye mwenye nyumba, hakuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo kwa macho, dhana hii ina ushahidi. Lakini jumuiya hazikubuniwa na paroko aliyetaka wakusanyaji wa bahasha. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati walio chini ya umoja wao wa AMECEA waliamua kwamba kujenga jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwe kipaumbele cha kichungaji katika nchi zao. Waliona parokia ni kubwa mno, mtu anaweza kusali humo miaka 20 bila jirani wa benchi kujua kwamba ana mgonjwa ndani. Nyumba kumi au ishirini zinazofahamiana, zinazosoma Neno pamoja na kubeba msiba pamoja, ndilo lilikuwa wazo.

Michango ipo, sikatai. Lakini kiini cha saa ile moja ni Injili ya Dominika inayofuata: inasomwa mara mbili, tunakaa kimya, kisha kila mwenye neno anasema. Huwa namsikia fundi cherehani wetu akifafanua mfano wa talanta, nasahau kama kuna baridi.

Ndiyo maana maneno ya kwamba Mkatoliki hasomi Biblia hunishangaza siku hizi. Masomo ya Dominika yamepangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu: mwaka A tunatembea na Mathayo, B na Marko, C na Luka, na Yohana anajaza Kwaresima, Pasaka na sehemu ya mwaka B. Mwaka unaanza Dominika ya kwanza ya Majilio, si Januari. Anayekuja kila Jumapili kwa miaka mitatu amesikia sehemu kubwa sana ya Injili. Kama anakumbuka, hilo ni jambo lingine.

“Ukinywa hata maji, usikomunike”

Tuna bibi wa miaka 78, wa kwanza kufika kila Jumamosi na mkeka wake kwapani kwa sababu viti vya plastiki havimpendi. Mwezi wa tano alianguka kanisani Misa ya kwanza, kabla ya Komunyo. Tulipomtoa nje na kumpa hewa, binti yake akasema bibi ana vidonge vya presha anavyotakiwa kumeza asubuhi na chakula, ila siku za Dominika havimezi. Tangu usiku hali kitu, hanywi kitu. “Siwezi kumpokea Yesu juu ya ugali,” ndivyo alivyotuambia.

Bibi hakosei kuhusu utoto wake. Alipopata Komunyo ya kwanza, sharti lilikuwa kufunga chakula tangu saa sita usiku. Maji Papa Pio XII alikuwa ameshayaruhusu mwaka 1953, lakini habari za namna hiyo hupanda milima hii polepole. Mwaka 1957 Papa huyohuyo alipunguza kufunga hadi muda wa saa tatu, na mwaka 1964 Paulo VI akaweka muda wa saa moja kabla ya kupokea. Kanuni ya 919 ya sasa inasema saa moja bila chakula na kinywaji, isipokuwa maji na dawa. Tena inaongeza kwamba wazee, wagonjwa na wanaowauguza wanaweza kupokea Ekaristi hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo.

Nilimsomea bibi maneno yale. Akasikiliza, akauliza kama kweli yameandikwa na Papa au ni mimi nimeongeza. Hakuniamini hadi paroko msaidizi alipopita nyumbani kwake kumwambia. Sasa anameza vidonge na uji.

Padre huyo alipofika tu getini, jirani mmoja alianza kulia, akidhani bibi anakata roho na padre amekuja kumpaka mafuta. Hiyo nayo ni dhana ya kufukuza: Mpako wa Wagonjwa si tiketi ya safari. Anaupata muumini anayeanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na anaweza kuupata tena hali ikizidi au akiugua upya. Ukisubiri mtu apoteze fahamu ndipo umpigie padre simu, umemnyima mgonjwa nafasi ya kusali naye.

“Padre hakufika kigangoni, kwa hiyo Dominika imepotea”

Hili si la mjini. Ni la ndugu zetu wa huko Kilolo, ambako mvua ikishika tope linaamua nani afike. Katekista akiongoza ibada, wapo wanaogeuza njia: “Leo ni ya katekista tu.” Ukweli uko katikati. Ibada ile si Misa, hakuna mageuzo (mkate na divai kuwa Mwili na Damu ya Kristo), na anayekuambia ni sawasawa na Misa anakudanganya. Lakini kanuni ya 1248 inapendekeza sana waamini washiriki liturujia ya Neno pale Misa isipowezekana kwa kukosa padre, na Roma ilitoa mwongozo wa ibada hizo mwaka 1988. Katekista aliyeruhusiwa anaweza pia kugawa Komunyo iliyohifadhiwa. Na aliyekosa Misa kwa sababu padre hakufika hana dhambi ya kwenda kuungama.

Kanuni hiyohiyo inasema Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Dominika. Jumatano ya Majivu, ambayo hujaza kanisa hadi watu wanasimama kwenye maua, si siku ya amri, yaani ya Misa ya lazima, hata kidogo. Dominika inayofuata, iliyo ya amri, maua yanapumua.

“Kanisa la huku tuliletewa na Waitalia, na sasa tunaongozwa kutoka Mbeya”

Mawili kwa mpigo. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika Iringa mwaka 1919, lakini misheni ya Tosamaganga, hapa Iringa, ilikuwa imeshaanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani, waliotawanywa na Vita ya Kwanza ya Dunia. Na Mbeya ni Jimbo Kuu tangu Desemba 2018, Iringa ikiwa miongoni mwa majimbo yake. Hata hivyo askofu mkuu hatawali jimbo la mwenzake. Askofu wa Iringa ndiye askofu wa Iringa.

“Mtoto wa mama asiye na ndoa habatizwi”

Jumamosi hiyohiyo ya watu 17, binti mmoja aliyepanga nyumba ya nyuma alisimama mlangoni muda wote na mtoto mgongoni. Hakuingia. Watu walipoanza kutoka akanifuata, akasema amesikia hapati barua kwa sababu baba wa mtoto hayupo.

Nilimwambia kanuni ya 868 inataka mambo mawili: mzazi mmoja angalau akubali, na kuwe na matumaini ya kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Ndoa ya mama haikutajwa. Nikaweka kaunta buku juu ya kiti, nikaanza kuandika.

“Msimamizi nani?”

“Mdogo wangu.”

“Ana Kipaimara?”

“Anacho, kaka katibu. Alipata mwaka juzi.”

“Ana miaka mingapi?”

“Kumi na mitano.”

Nikasimamisha kalamu. Kanuni ya 874 inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16. Binti akainamisha kichwa, akidhani sasa ndiyo mlango umefungwa. Nikamweleza kwamba msimamizi mmoja anatosha, mwanamume au mwanamke, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na anayeishi imani yake, ila asiwe baba wala mama wa mtoto. Akaangaza macho uani, kutafuta anayemfahamu.

Bibi wa vidonge alikuwa bado anakunja mkeka wake. Akauliza, bila kuinua kichwa, kama kuna kanuni inayokataza miaka 78.

Nikapekua. Hakuna. Nikaandika jina lake.